CV ya kurasa nne na tasnifu ya kahawa: mwanafunzi wa uzamili aombeje kazi?

SWALI

Washauri, shikamooni.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa historia, naishi Soweto hapa Moshi. Shahada ya kwanza nilisoma historia na isimu, nikamaliza na GPA ya 3.8. Masomo ya darasani ya uzamili nimeshamaliza, na rasimu ya pili ya tasnifu iko kwa msimamizi. Inahusu vyama vya ushirika vya kahawa Kilimanjaro kati ya mwaka 1933 na 1976. Nimehoji wazee 34 wa Kibosho, Machame na Marangu, nina rekodi za sauti za saa kama 40, na nimepekua mafaili ya zamani ya ushirika mpaka macho yakauma.

Nimekuwa nikituma maombi Moshi na Arusha, kwenye mashirika, kampuni za utalii, makumbusho, hata Ajira Portal, ule mfumo wa maombi ya kazi serikalini. Kimya. CV yangu ina kurasa nne, niliitengenezewa stesheneri. Barua ni ile ile, nabadilisha jina la ofisi tu. Shemeji yangu ananiambia nifute uzamili kwa sababu waajiri wanaogopa wasomi, na kwamba historia haina soko. Je, nifute? Tasnifu niiandikeje ili mtu asiye mwanahistoria aone maana yake? Barua niandike kwa Kiswahili au Kiingereza? Na wadhamini niwaweke akina nani?

Mwanahistoria, Soweto, Moshi

JIBU

Marahaba, dada. Tuanze na shemeji yako: uzamili usiufute. Lakini amegusa jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosea. Uzamili usio na cheti si sifa bado, ni kazi inayoendelea, na ndivyo unavyotakiwa kuandikwa: "Shahada ya Uzamili ya Historia (inaendelea, masomo ya darasani yamekamilika, tasnifu iko katika marekebisho)", pamoja na mwezi unaotarajia kumaliza. Ukiandika jina la shahada na mwaka tu, kisha mtu akaomba cheti ukakosa, umejiharibia kwa neno ambalo halikuwa na haja ya kusemwa.

Kwa upande wa serikali jambo hili ni kali zaidi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husema bayana kwamba matokeo ya muda, hati za matokeo, na slipu za kidato cha nne na sita hazipokelewi badala ya vyeti. Kwa hiyo, mpaka ushike cheti cha uzamili mkononi, kule unaomba kwa shahada ya kwanza, kwenye nafasi zinazotaka shahada ya kwanza. Soma pia kipengele cha sifa za elimu kama mwanasheria anavyosoma mkataba. Tangazo likitaja fani tatu na yako haimo, hakuna barua itakayokuvusha, kwa sababu mchujo wa kwanza unaangalia vyeti. Nguvu zako zielekeze kwenye matangazo yenye maneno "au fani inayolingana". Na kabla ya yote, hakikisha majina yako yanafanana kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi cha chuo. Yakipishana, hati ya kisheria ya majina itengenezwe mapema, si wiki ya mwisho.

Mashirika na kampuni binafsi ni habari nyingine. Huko hawaogopi usomi. Wanachoogopa ni kukuajiri Machi, Aprili ukaanza kuomba ruhusa kila Alhamisi kwenda kumwona msimamizi, Septemba ukaaga kwenda kusoma tena. Hofu hiyo haifutwi kwa kuficha uzamili. Inafutwa kwa sentensi moja ndani ya barua, na tutaiandika hapo mbele.

Sasa CV. Kurasa nne ni nyingi kwa mtu wa hatua yako. Mbili zinatosha, na kwa nafasi ya mafunzo kwa vitendo hata mmoja. Tunaweza kukisia kilichojaza hizo nne bila kuziona: mstari wa dini, wa kabila, wa hali ya ndoa, shule ya msingi, mada za semina ulizohudhuria, orodha ya kozi zote za shahada, na aya ya "malengo" inayosema unataka kukuza taaluma yako katika taasisi yenye changamoto. Vyote hivyo ondoa. Tarehe ya kuzaliwa ibaki kwenye maombi ya serikali, kwa sababu matangazo yao kwa kawaida yana ukomo wa miaka 45. Kwenye shirika la kimataifa haihitajiki. Namba ya kitambulisho cha NIDA usiiweke kwenye CV inayozunguka mitaani. Sekondari ni mstari mmoja kwa kidato cha nne na mmoja kwa cha sita, basi.

GPA yako iandike "3.8 kati ya 5.0, daraja la pili la juu". Usiiache peke yake. Vyuo vyetu vinahesabu kwa 5.0, ila msomaji aliyesoma Marekani huenda amezoea 4.0, naye akiona 3.8 tupu atakudhania karibu na kilele. Siku akiona cheti, ataona kama ulimdanganya. Daraja la pili la juu kwetu ni 3.5 hadi 4.3, nalo linajisimamia lenyewe bila msaada wa kutokueleweka.

Tasnifu ndiyo moyo wa swali lako, na hapa tutakaa kidogo.

Karibu kila mwanafunzi wa fani za sanaa na binadamu huandika tasnifu chini ya elimu, kwa kichwa chake kirefu: "Dhima ya Vyama vya Ushirika katika Mabadiliko ya Kijamii na Kiuchumi Mkoani Kilimanjaro, 1933–1976". Msomaji wa historia atajua mara moja kwamba 1933 ni mwaka wa kuanzishwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, na 1976 ni mwaka ambao serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Afisa rasilimali watu wa kampuni ya safari pale Njiro, Arusha, hajui, wala halipwi ili ajue. Yeye ana tangazo mkononi lenye mahitaji sita au saba, na anatafuta maneno hayo kwenye karatasi yako. Mada haimjibu hata hitaji moja. Kazi uliyoifanya ili mada hiyo iandikike inajibu manne au matano.

Kwa hiyo kichwa cha tasnifu kibaki kwenye elimu, mstari mmoja. Halafu kazi yenyewe ihamie kwenye sehemu ya uzoefu, ikiwa na mwezi wa kuanza na wa kumaliza kama ajira nyingine yoyote. Kwa mfano:

Utafiti wa uzamili, wilaya za Moshi na Hai (mwezi na mwaka wa kuanza – wa kumaliza)
– Nilipata vibali vya utafiti ngazi ya mkoa na wilaya mbili, na kupanga ratiba ya mahojiano na watendaji wa kata na vijiji.
– Nilihoji wazee 34 kwa Kiswahili na Kichagga, na kurekodi saa 40 za sauti kwa ridhaa ya maandishi.
– Nilinukuu rekodi zote na kutafsiri sehemu zilizotumika kwa Kiingereza.
– Nilipekua mafaili ya ushirika ya miaka 43 na kuyaorodhesha katika jedwali la Excel kwa mwaka, chama na aina ya waraka.
– Nilisimamia bajeti ya nauli, posho za wasaidizi na uchapishaji.

Angalia kinachotokea hapo. Mstari wa vibali unamwambia mtu wa shirika kwamba unajua kuingia kijijini kwa mlango wa mbele, jambo ambalo miradi mingi hukwama kwalo wiki za mwanzo. Mstari wa unukuzi unamwambia una subira: saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kunukuu, kwa hiyo saa 40 ni saa 160 hadi 240 za kazi, sawa na wiki nne hadi sita za ofisini za saa 40. Anayejua kazi hiyo ataipiga hesabu mwenyewe. Mstari wa jedwali ndio unaofungua mlango wa kazi za kumbukumbu na takwimu. Bajeti, hata ikiwa ndogo, iandike na kiasi chake halisi kwa shilingi. Kama hukuisimamia, mstari huo uufute, na vivyo hivyo kwa ridhaa ya maandishi ikiwa ulipokea ya mdomo. Mifano yetu ni ya umbo, ukweli ni wako.

Kila mstari uanze na kitendo, uishie na kitu kinachoweza kuhesabiwa au kuonwa. "Nina uwezo mkubwa wa mawasiliano" haionekani popote. Na usijiite "mtafiti mkuu". Kwenye tasnifu yako hukuwa na watafiti chini yako, na neno hilo lina mwenyewe katika miradi, anayelijua atacheka.

Mpangilio unafuata tangazo. Tangazo likitaka mtu wa kazi za jamii, mistari ya vibali na mahojiano iende juu. Likitaka mtunza kumbukumbu, mafaili na jedwali yaende juu. Likitaka mwandishi wa maudhui wa kampuni ya utalii, toa unukuzi kabisa, weka maandishi uliyowahi kuchapisha na lugha. Kwa njia hiyo utakuwa na CV moja kubwa nyumbani, isiyotumwa kwa mtu, yenye kila kitu, halafu kila ombi unakata kutoka humo. Unapoomba kufundisha chuoni mambo hugeuka tena: hapo tasnifu, makongamano, machapisho na kozi ulizosaidia kufundisha ndivyo vinavyotangulia, na urefu si tatizo.

Lugha usiziandike "Kiswahili, Kiingereza, Kichagga: vizuri sana". Wewe mwenyewe unajua kwamba mtu wa Marangu na mtu wa Machame hawasikilizani kirahisi. Andika Kivunjo kama ndicho chako, Kimachame kama unakielewa bila kukizungumza. Kama una Kifaransa, hata cha kiwango cha kati (B1), kitaje na kiwango chake. Arusha ina makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na katika ofisi za aina hiyo lugha ya pili ya kazi ina uzito ambao Moshi mjini hauuoni. Kiswahili sanifu cha kuandika nacho ni ujuzi, si hali ya kuzaliwa: SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikifanya lugha rasmi mwaka 2019, Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Uliyesoma isimu uandike "uhariri na tafsiri, Kiingereza–Kiswahili" na uwe tayari kupewa mtihani wa ukurasa mmoja.

Jambo dogo ambalo huwakwaza wengi: baadhi ya taasisi za Umoja wa Mataifa, pamoja na ile iliyorithi kazi na nyaraka za mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda hapo Arusha, hupokea maombi kupitia mfumo wao wa Inspira. Maelezo ya elimu na uzoefu unayajaza humo humo, kisanduku kwa kisanduku. Ile mistari ya vitendo ndiyo utakayoihamishia kule, kwa hiyo haitapotea.

Barua nayo. Tunaweza kuisoma yako tukiwa tumefumba macho: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania, mchapakazi, mwadilifu, niliye tayari kufanya kazi katika mazingira yoyote na kwa usimamizi mdogo." Sentensi hizo hazina kosa la sarufi, ila waombaji wote wameziandika, na msomaji amejifunza kuziruka. Umbo la barua rasmi lihifadhi: anwani yako juu kulia, tarehe, anwani ya mwajiri kushoto, salamu, mstari wa YAH wenye jina kamili la nafasi pamoja na kumbukumbu namba ya tangazo. Baada ya hapo aya nne, maneno 300 hadi 400, ukurasa mmoja.

Aya ya kwanza iseme unaomba nini na una nini kinachofanana nacho. Tuseme ni nafasi ya afisa mradi msaidizi wa urithi na utamaduni:

"Naomba nafasi ya Afisa Mradi Msaidizi mliyoitangaza tarehe 3 mwezi huu. Nina shahada ya historia na isimu, na kwa ajili ya utafiti wa uzamili nimekusanya simulizi za wakulima wa kahawa 34 wa Kibosho, Machame na Marangu, kazi inayofanana na ukusanyaji wa simulizi uliotajwa katika tangazo lenu."

Aya ya pili ichukue hitaji moja la tangazo, lile gumu zaidi, na ulijibu kwa tukio la kazi, si kwa sifa:

"Tangazo linataka mtu anayeweza kufanya kazi na jamii za vijijini. Wengi wa niliowahoji ni wazee sana, hivyo niligawa mahojiano katika vikao vifupi vya dakika 40, nikayapanga asubuhi kabla ya kazi za shamba, na kurudi kwa kila mmoja kumsomea nilichokinukuu."

Msimamizi wa mradi akisoma hivyo anakuona tayari ukifanya kazi yake. Hakuna kivumishi hata kimoja kinachokusifu, na bado unasifika.

Aya ya tatu iwahusu wao: jambo moja wanalolifanya, ulilolisoma kwenye ripoti yao au ulilolishuhudia, na mahali unapoingia. Kama jina lao linaweza kubadilishwa na la ofisi nyingine na sentensi hii bado ikasomeka sawa, hujawasoma vya kutosha. Hapo ndipo barua yako moja ya kila ofisi inapogundulika. Na mara nyingine hugundulika vibaya zaidi, pale jina la ofisi iliyotangulia linapobaki katika aya ya tatu.

Aya ya nne ni ile sentensi tuliyoahidi: "Masomo yangu ya darasani yamekwisha, marekebisho ya tasnifu yaliyobaki nayafanya nje ya saa za kazi, na ninaweza kuanza tarehe 1 ya mwezi ujao." Kisha jina, sahihi, namba ya simu inayoanza na +255. Sahihi iwe ya wino, iliyoskaniwa. Serikalini barua isiyo na sahihi ni ombi lisilokamilika.

Kuhusu lugha ya kuandikia: fuata lugha ya tangazo. Halmashauri ikitangaza kwa Kiswahili, jibu kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha ofisi. Kampuni za utalii na mashirika mengi ya Arusha hutangaza kwa Kiingereza, jibu kwa Kiingereza. Sekretarieti ya Ajira hupokea lugha zote mbili. Chagua ile unayoiandika bila makosa. Usitafsiri barua ya Kiswahili neno kwa neno kwenda Kiingereza, kwani zile heshima zetu ndefu za kufungulia barua zikifika kule huonekana kama kujikokota.

Wadhamini: serikalini wanataka watatu, wengine huridhika na wawili. Msimamizi wako wa tasnifu ni wa kwanza. Wa pili awe aliyekusimamia kazini, hata kama ilikuwa kujitolea shuleni au kuhesabu kaya kwenye mradi wa miezi miwili. Wa tatu, mwalimu mwingine au mkuu wa idara. Shemeji si mdhamini, wala padre, isipokuwa umemfanyia kazi parokiani. Waombe ruhusa kwanza, na kila unapotuma ombi kubwa wape CV uliyoituma pamoja na tangazo. Msimamizi anayepigiwa simu ghafla njiani atasema "ndiyo, namkumbuka, msichana mzuri", na hilo halikusaidii.

Mwisho stesheneri. Kupiga chapa na kuskani pale hakuna ubaya, ila CV usitengenezewe. Mhudumu hufungua CV ya mteja wa jana na kuandika juu yake. Ndiyo maana utakuta CV ya mwanahistoria yenye malengo ya mhasibu, na ukifungua sifa za faili kwenye Word unakuta mwandishi ni mtu usiyemjua. Anza na faili jipya, herufi za ukubwa wa 11 au 12, pambizo za sentimita 2.5, bila fremu za rangi. Hifadhi kama PDF, ulipe jina lenye jina lako na nafasi, si "CV mpya mwisho 2". Vyeti viskani kwa weusi na weupe ili faili lisizidi ukomo wa mfumo unaotumia. Kabla ya kuondoka futa mafaili yako kwenye kompyuta yao, safisha kapu la takataka, na utoke kwenye baruapepe yako. Vyeti vyenye muhuri wa wakili vilivyoachwa pale ni mali ya kila anayeingia.

Ukishatuma, subiri wiki mbili baada ya tarehe ya mwisho, kisha andika baruapepe moja ya mistari mitatu kuulizia, ukitaja kumbukumbu namba. Moja tu. Simu usipige, isipokuwa tangazo limetoa namba kwa ajili hiyo. Na yeyote atakayekutaka utume hela ya fomu, ya usaili au ya "kufuatilia faili", mwache hapo hapo: Sekretarieti ya Ajira na Umoja wa Mataifa hawamtozi mwombaji.